Nimeitwa kwenye jaribio la sindano ya kupunguza mwili, na mapafu yangu ni mabovu

Mwanangu Mshauri,

Nimekuita mwanangu kwa sababu ya picha yako hapo juu. Kama nimekosea umri, nisamehe. Mimi nina miaka 61. Nimezaliwa Njombe, nimezeekea Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa sita niko Maryland, Marekani, kwa binti yangu wa kwanza. Kazi yangu hapa ni kulea wajukuu wawili, kuwapeleka kwenye basi la shule na kuwapokea.

Nianze na mapafu. Kwa miaka 23 nilikuwa mama ntilie Buguruni. Kibanda cha mabati, majiko mawili ya mkaa kwa ubwabwa na mboga, na pembeni mafiga ya kuni kwa ajili ya maharage, maana maharage ya kuchemsha kwa mkaa yangenila faida yote. Sijawahi kuvuta sigara hata moja, ila moshi nimeuvuta. Mvua ikinyesha tulishusha turubai tukabaki nao humo ndani, macho yanatiririka, tunacheka. Kikohozi cha asubuhi nilikiita "cha jikoni". Nilikizoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele.

Nilipofika huku ndipo wakanipima. Walinibana pua kwa kibanio, nikapuliza kwenye mashine, dada wa watu anaimba "puliza, puliza, endelea, endelea" mpaka nikaona nyota. Wakasema ni ugonjwa sugu wa mapafu, wanauita COPD. Daktari alinieleza kwamba njia za hewa zimeharibika na zilizoharibika hazirudi. Natumia dawa mbili za kuvuta, moja asubuhi na jioni, nyingine nikizidiwa.

Tatizo la pili ni mwili. Nilikuja na kilo 84, leo nina 103. Baridi inakufungia ndani, unamalizia mabaki ya watoto, mwaka unaisha. Nyumba yetu ina ngazi 14 kutoka sebuleni kwenda chumbani kwangu. Ya nane napumzika, nashika ukuta, najifanya natazama picha za wajukuu. Kanisani naimba sauti ya pili tangu niko msichana. Siku hizi mwisho wa mstari nafungua mdomo tu. Mwalimu wa kwaya hajui. Anayejua ni huyu mama anayesimama kulia kwangu, na ananinyamazia.

Sasa mwezi uliopita nesi wa kliniki ya mapafu akanipigia. Wana jaribio: watu wanene wenye ugonjwa kama wangu, wanachomwa sindano ya kupunguza mwili mara moja kwa wiki, kwa wiki 52, waone kama pumzi itakuwa nzuri zaidi. Dawa yenyewe ni semaglutaidi, hii inayouzwa kwa jina la Wegovy. Ila kompyuta ndiyo inayochagua nani apate dawa na nani apate sindano tupu, na hatutajua, hata daktari hatajua. Nitakwenda hospitali mara 14, na kila nikienda nitapewa dola 60 na nauli. Walinipima pia mwendo: koni mbili kwenye korido, unatembea kwenda na kurudi dakika sita, mtu anakuhesabia mizunguko. Nilisimama mara mbili.

Binti yangu hataki kusikia. Yeye ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Aliniambia, "Mama, wanatafuta panya." Akanisimulia habari za watu weusi wa Alabama walioachwa wagonjwa makusudi na serikali. Alilia. Mume wake anasema kinyume: watu wanalipa mamia ya dola kila mwezi kwa dawa hii, mama anapewa bure, tena na nauli, halafu tunakataa? Siku hizi wanasalimiana kwa vichwa, na mimi ndiye sababu.

Nikampigia mdogo wangu Njombe. Yeye alikwenda mbali zaidi. "Dada, unataka kukonda? Ukirudi huku umekonda watu watasema nini?" Mwanangu, sisi tulimuuguza kaka yetu mwaka 1994. Kila aliyekuja kumwona alitazama shingo kwanza, kisha mikono, kisha ndiyo akasalimia. Nilicheka kwenye simu, lakini nilipokata sikulala.

Halafu kuna mwenzangu wa kanisani aliyeagiza kalamu za sindano hizo kupitia simu. Anasema achana na jaribio, utapewa maji tu mwaka mzima, njoo tugawane hizi.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Siku ya kuhojiwa, binti yangu ndiye alikuwa anatafsiri. Wakauliza kama kuna mtu katika ukoo aliwahi kuugua saratani ya tezi ya shingo. Binti akajibu hapana bila kuniuliza. Simlaumu, hakumjua bibi yake. Usiku ndipo nikakumbuka: mama yangu alikuwa na rovu. Kubwa. Alikuwa anafunga kitenge shingoni hata jua likiwaka. Amefariki 1987 nyumbani, hakuna aliyempima, hatujui alikufa na nini. Nikisema sasa, si wataona tumedanganya? Na si wataniondoa?

Na huyu daktari wa mapafu ni mtu mwema. Ndiye wa kwanza katika maisha yangu kuniuliza nilikuwa napikia nini. Nitamkatalia vipi?

Fomu ina kurasa 22, iko chini ya godoro. Wanataka jibu kabla ya tarehe 15. Niweke sahihi au nisiweke?

Mama wa Sauti ya Pili, Maryland

*

Shikamoo, Mama.

Picha ile ni ya zamani kidogo, lakini kwako bado ni mwana, kwa hiyo niite hivyo hivyo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliona swali moja, lile la mwisho. Mara ya tatu nikaona mengine yamejikunja ndani yake: unataka pumzi, unaogopa kukonda, na hutaki kuwa sababu ya ugomvi katika nyumba uliyokuja kuitunza. Fomu ya kurasa 22 imeandikwa kwa ajili ya jambo la kwanza tu. Hayo mengine unayabeba mwenyewe.

Niseme kwanza jambo ambalo naona mkwe wako na mwenzako wa kanisani wote wawili wamelipita. Jaribio si tiba. Daktari anapokutibu anajiuliza, "Nini kitamfaa mama huyu?" Anapofanya jaribio anauliza, "Je, dawa hii inawafaa watu wenye hali kama ya mama huyu?" Maswali hayo yanafanana kama pacha, lakini la pili halikuahidi chochote wewe binafsi. Ndiyo maana kuna sindano tupu. Bila kundi lisilopata dawa, mtu akipanda ngazi vizuri zaidi mwezi wa tano hatutajua kama ni dawa, au ni majira ya joto, au ni kule kuitwa hospitali mara 14 na kuulizwa habari. Kwa hiyo ningependa ujiulize, ukiwa peke yako: ikifika wiki ya 52 ukaambiwa ulikuwa unajichoma sindano tupu, utajisikiaje? Kuna watu wangesema, "Sawa, nimesaidia." Wengine wangejiona wamepoteza mwaka. Hakuna jibu baya hapo, ila ni vizuri kulijua kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Dawa yenyewe si ngeni. Inaigiza homoni ambayo utumbo hutoa mtu akila, inayouambia ubongo kwamba tumeshiba na inayochelewesha chakula tumboni. (Dawa ya kwanza ya ukoo huu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa wenye kisukari, asili yake ni kemikali iliyogunduliwa kwenye sumu ya mjusi mmoja wa jangwani huko huko Marekani. Ukimsimulia mdogo wako hilo, usiseme umelisikia kwangu.) Semaglutaidi ya kupunguza uzito iliidhinishwa huko mwaka 2021, baada ya utafiti wa watu 1,961 ambao kwa wiki 68 walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliochomwa sindano tupu walipungua asilimia 2.4. Kwa kilo zako 103, wastani huo ni kama kilo 15. Wastani tu, maana wapo waliopungua zaidi na wapo ambao mizani haikusogea sana.

Lakini wewe hukuniandikia kuhusu mizani. Umeniandikia kuhusu ngazi ya nane.

Kuhusu mapafu yenye ugonjwa huu, kinachojulikana ni kidogo zaidi. Utafiti mmoja ulifanyika Denmark, matokeo yakachapishwa 2022, kwa kutumia liraglutaidi, ndugu mkubwa wa dawa hii. Washiriki walikuwa 40 tu, wanene, wenye COPD, kwa wiki 40, nusu dawa na nusu sindano tupu. Waliopata dawa walipungua, kiasi cha hewa walichoweza kutoa kifuani kiliongezeka, na walipoulizwa ugonjwa unawasumbua kiasi gani majibu yao yalikuwa na nafuu. Ila kipimo cha kuziba kwa njia za hewa hakikubadilika, na ule mwendo wa dakika sita, ule wa koni kwenye korido, haukuonyesha tofauti ya kueleweka. Watu 40, Mama. Pengine kwaya yenu inawazidi. Ndiyo sababu wanatafuta washiriki wengine. Wakikwambia "hatujui kama itasaidia", ujue hawakufichi kitu. Siku wakijua, jaribio halitakuwa na kazi tena.

Hapa niulize kwa upole: una hakika kwamba mwili ndio unaokuibia pumzi? Sisemi hapana. Tumbo likijaa mafuta linakisukuma juu kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, na kifua kinakosa nafasi ya kujaa. Kilo 19 ulizoongeza si utani, ni sawa na kumpandisha mjukuu mgongoni kila unapokwenda kulala. Lakini moshi wa mafiga nao ulifanya kazi yake miaka 23, na njia zilizoharibika hazitengenezwi na sindano ya kupunguza mwili. Kisha kuna miguu. Mtu akikosa pumzi anakaa, akikaa misuli inanywea, misuli ikinywea hata kusimama kunamaliza hewa. Ngazi ya nane inaweza kuwa ya mwili kidogo, ya mapafu kidogo, na ya miguu iliyokaa ndani baridi sita. Kila mmoja kiasi gani, sijui, na wewe hujui. Muulize daktari wako, tena ana namba za vipimo vyako mbele yake.

Nasisitiza misuli kwa sababu moja. Katika ugonjwa huu wembamba si baraka kama watu wanavyodhani. Tangu 2004 madaktari wana kipimo cha kukadiria mgonjwa wa COPD ataendeleaje, na mojawapo ya dalili mbaya kwenye kipimo hicho ni mtu kuwa mwembamba, uwiano wa uzito na urefu ukishuka hadi 21. Wewe uko mbali sana na huko, usishtuke. Ila kinachopotea kwa dawa hizi si mafuta peke yake, na sehemu ya uzito unaoshuka ni misuli. Kwa mwanamke wa miaka 61 anayehitaji miguu ya kupandia na kifua cha kuimbia, swali la kumpeleka kwa nesi ni hili: mtapima misuli yangu, au kilo tu? Na kuna mtu atakayeniongoza kula na kufanya mazoezi, au nitachoma sindano nirudi kwenye kochi?

Na hili limenishangaza kidogo: katika barua nzima hukutaja mazoezi ya mapafu. Ni mpango wa hospitali, wa wiki kadhaa, ambapo wagonjwa kama wewe wanafundishwa kutembea, kuimarisha miguu na mikono, na kupumua wakati wa kazi, huku mtu anawaangalia kiwango cha oksijeni. Ushahidi kwamba unapunguza kuhema na unamrefushia mtu mwendo ni wa miaka mingi, na hauhitaji kompyuta ikuchague. Inawezekana ulipewa na hukuutaja. Inawezekana hakuna aliyekumbuka. Uliza, iwe utaingia kwenye jaribio au la, na uulize pia kama kuufanya ndani ya mwaka huo kunaruhusiwa.

Nije kwa binti yako. Alichokusimulia ni kweli. Kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, na 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wao. Penisilini ilipokuja kuwa tiba ya kawaida miaka ya 1940 waliachwa bila kupewa, watu waandike tu wanavyougua. Serikali iliomba msamaha 1997. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba binti yako ana ushamba au ana wivu. Ana kumbukumbu. Ni kashfa hiyo iliyoleta sheria ya 1974, na karatasi zile 22 unazozilalia ni watoto wa sheria hiyo: lazima waandike madhara, lazima kamati ya maadili ipitishe, lazima ushiriki kwa hiari. Wanaume wa Alabama hawakupewa karatasi ya namna hiyo.

Upande wa pili nao una uzito. Dawa ikijaribiwa kwa watu waliovuta sigara Ulaya na Marekani peke yao, siku ikifika kwa mama ntilie mwenye mapafu ya moshi wa kuni daktari atakuwa anakisia. Sikuambii hilo ili likusukume. Mapafu ni yako, huna deni kwa mama ntilie wa kesho. Lakini kama ndani yako kuna sauti inayosema ungependa mtu kama wewe ahesabiwe, usiione ni ujinga.

Ningekuwa wewe, nisingebishana na binti kuhusu Alabama. Ningemuuliza anaogopa nini hasa. Anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee, Mama. Wenye mapafu kama yako wamo humo, wale wa mwisho mwisho, na ni yeye anayewageuza kitandani saa tisa usiku. Huenda anaposema "panya" anamaanisha kitu kingine ambacho hawezi kukitamka mbele yako. Mpe kahawa akitoka zamu, mumewe akiwa hayupo, umsikilize bila kumjibu.

Mkwe naye ana hoja, dawa ni ghali kweli. Ila neno "bure" lina tarehe ya mwisho. Wale washiriki wa ule utafiti mkubwa, sehemu yao walifuatiliwa baada ya kuacha dawa. Mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha takriban theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Kwa hiyo ulizeni: wiki ya 53 inakuwaje? Aliyepata sindano tupu atapewa dawa baadaye? Aliyepata dawa ataendelea nayo, na kwa pesa ya nani? Bima yangu inasemaje? Majibu yakiwa "hapana, hapana, haturuhusiwi kuahidi", bado unaweza kushiriki, ila utashiriki ukijua.

Madhara nitayapitia haraka kwa sababu fomu imeyaorodhesha: kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo, hasa wiki za mwanzo na kila dozi inapopandishwa. Mara chache zaidi, mawe kwenye kifuko cha nyongo na kuvimba kwa kongosho. Kwako wewe ningeuliza mambo mawili ambayo si kila mtu anayauliza. Nikitapika siku mbili mfululizo wakati kifua kimenibana, nampigia nani usiku? Na nikihitaji upasuaji wa kulazwa usingizi, nani awaambie kwamba huenda natumia dawa inayobakiza chakula tumboni? Chakula kikipanda wakati mtu amelazwa usingizi kinaweza kuingia mapafuni, na tangu Novemba 2024 onyo hilo limo kwenye maelezo ya dawa hizi Marekani.

Kuhusu kalamu za mwenzako, hapa upole unanipungukia. Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kukamata maelfu ya kalamu bandia za Ozempic, ambayo ni semaglutaidi hii hii, zikiwa zimeingia kwenye mnyororo halali wa dawa. Ikiwa za dukani ziliingiliwa, za kuagiza kwa simu je? Na kalamu moja watu wawili wasigawane hata wakibadilisha sindano, damu inaweza kurudi ndani. Yeye anakupenda, sina shaka. Ila hana mashine ya kukupima pumzi wala mtu wa kukuhesabia mizunguko ya korido.

Sasa mdogo wako. Wewe uliandika "kupunguza mwili", yeye akasikia "kukonda". Lugha yetu imeyatenga maneno haya mbali sana. Mtu hupungua kwa kupenda, lakini kukonda humkuta. Na kwenu kukonda kuna sura ya mtu, kuna shingo ya kaka yenu. Sina takwimu ya kukutoa hapo, na sitajaribu. Ila nimejiuliza kama mdogo wako anaogopa maneno ya watu, au anaogopa kukuona wewe katika umbo lile kupitia simu ya video, akiwa Njombe, asiweze kuja. Ukiamua kuingia, pengine asiwe wa mwisho kujua. Mwonyeshe uso wako kila wiki, ukipungua azoee taratibu. Ukiamua kutoingia kwa sababu ya kaka yenu peke yake, hiyo nayo ni sababu. Huhitaji kuivalisha nguo ya kitaalamu.

Na daktari mwema? Kumkatalia jaribio si kumkatalia yeye. Ndani ya zile kurasa 22 tafuta sehemu inayosema kwamba ukikataa, au ukiingia ukatoka wiki ya tatu, matibabu yako ya kawaida hayaguswi. Inatakiwa iwemo. Mwekee kidole, umwombe nesi aisome kwa sauti. Dola 60 nazo ni kwa muda na usumbufu wako, hazikufungi, ila uliza kama ukitoka katikati unabaki na ulizokwisha kupokea. Kuhusu tarehe 15, omba wiki mbili zaidi. Wakisema haiwezekani, utakuwa umejifunza kitu kuhusu wao.

Nimeacha rovu la mama kwa sababu ndilo jambo pekee ambalo haliwezi kungoja hayo mengine. Swali lile waliuliza kwa sababu dawa hii iliwapa panya uvimbe kwenye tezi ya shingo. Kwa binadamu haijathibitishwa, lakini mtu mwenye aina moja adimu ya saratani ya tezi katika ukoo, aina inayoweza kurithiwa, hapewi. Rovu la nyanda za juu kwetu, la kina mama wa Njombe na Iringa wa wakati ule, mara nyingi lilitokana na kukosa madini joto, kabla chumvi yenye madini hayo haijafika kila duka. Hicho ni kitu kingine kabisa na saratani ile. Inawezekana sana mama yako alikuwa na hilo la chumvi. Lakini hakupimwa, kwa hiyo wa kuamua si mimi, si wewe, wala si binti aliyejibu haraka kwa ajili ya bibi ambaye hakumjua. Hakuna atakayesema mmedanganya. Watu hukumbuka mambo usiku, na wauguzi wanalijua hilo. Wakikuondoa, watakuwa wamekuondoa kwa usalama wako. Wakikupima shingo wakakuacha uendelee, utalala vizuri zaidi.

Safari hii usimtume binti atafsiri. Hospitali huko zinazopokea pesa ya serikali zinawajibika kukupa mkalimani bila malipo, hata kwa simu. Piga Jumatatu asubuhi watoto wakishapanda basi, sema "Swahili", subiri mkalimani aje kwenye laini. Kisha mweleze habari za kitenge cha mama yako.